Haboba Anasema Nimemharibu Rehema kwa Uji

Asalaam aleikum Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo, hapa Uganda. Nakuandikia juu ya binti yangu wa pili, Rehema, ambaye ametimiza miaka 9. Meno yake yananikosesha usingizi. Alipokuwa na meno ya utoto hatukuona neno. Yale ya ukubwa yalipoanza kutoka, ya juu yakaja mbele, na taya la juu likabana pande zote mbili hata likafanya ncha kama herufi V. Ya chini yamepandana, tena yameegemea upande wa kulia. Akifunga mdomo, kidevu nacho kinahamia kulia kidogo. Mwalimu wake ndiye aliyenionyesha hilo, mimi nilikuwa nimeshaizoea sura ya mwanangu.

Nyumbani maneno yamekuwa mengi. Mama mkwe wangu, haboba yake Rehema kama sisi Wanubi tunavyomwita bibi, anasema kosa ni langu. Rehema alikuwa mtoto wa kuumwaumwa, chakula hakimwendi, basi nilimzoesha uji, wali wa kuponda, matoke laini, mkate wa kuchovya kwenye chai. Mpaka leo nyama anaitafuna mara mbili tatu kisha anaitema. Haboba anasema wao walikua kwa muwa, mahindi makavu ya kuchoma na nyama iliyoanikwa juani, ndiyo sababu amepita miaka 70 na meno yake bado yamepangika kama punje kwenye gunzi. Kila tukikaa kula lazima aseme, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," na kila mtu pale mkekani anajua anamsema nani.

Shemeji yangu aliye Kampala aliona kwenye simu watu wanatafuna mpira ili taya lipanuke, akamletea Rehema mpira huo. Ni miezi miwili sasa. Akitoka shule anautafuna nusu saa, siku nyingine zaidi. Nilikubali kwa sababu nilitaka mama mkwe aone kwamba ninajitahidi. Sasa asubuhi mtoto analalamika kichwa kinamuuma huku pembeni kwenye panja, na akipiga miayo taya linalia.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki moja. Hawakumpiga picha yoyote. Walimmulika kwa tochi, wakasema meno manne ya ukubwa yang'olewe ili mengine yapate nafasi, nirudi na pesa wiki inayofuata. Mume wangu anataka tufanye tumalize. Moyo wangu umekataa.

Nikueleze na mengine, pengine yanahusika. Alinyonya kidole gumba mpaka karibu miaka 6. Hulala mdomo wazi na anakoroma kama mtu mzima. Na alipokuwa na miezi 5 aliharisha sana akawa na homa, watu wakasema ana ebiino, tukampeleka kwa mzee mmoja akamtoa hayo meno ya ugonjwa kwenye ufizi wa chini. Upande wa kulia jino la chonge halikuota kabisa, hata lile la utoto. Sasa nina mwingine wa miezi 4 mgongoni, na juzi nilimkuta haboba anampapasa ufizi.

Daktari, ni kweli kutafuna ndiko kunakoipa safu ya meno umbo lake? Nikianza sasa kumpa vitu vigumu, taya litapanuka? Na je, ni mimi niliyemharibu mwanangu kwa uji?

Mama Rehema, Bombo

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Rehema.

Kabla ya lolote, mpira huo utoke mdomoni mwa mtoto leo. Maumivu ya panja asubuhi na taya linalolia ni misuli na kiungo vinavyosema vimechoka. Mpumzishe, mpe vyakula vya kawaida, asitafune chingamu, na maumivu yakiendelea baada ya wiki mbili umwambie daktari wa meno atakayemwona.

La pili, pesa ya kung'oa meno manne iweke kwanza. Nitaeleza sababu huko mbele, lakini moyo wako umekataa kwa haki.

Sasa swali lako. Haboba ameshika ukweli, ila ameushika upande mmoja. Nataka nikueleze taratibu, maana ukilielewa jambo hili utaweza kuzungumza naye bila ugomvi.

Weka vidole vyako mashavuni, karibu na pembe ya taya, kisha uma meno. Kile kinachofura ni masseta, msuli mkubwa wa kutafuna. Pandisha vidole mpaka kwenye panja, uma tena: huo unaocheza ni temporali, na ndio unaomuuma Rehema. Kuna mingine miwili kila upande, imejificha kwa ndani ya taya. Misuli hii minne, kulia na kushoto, ndiyo inayoliinua taya la chini, kulisogeza mbele na kulipeleka pembeni. Kwenye magego mtu mzima anaweza kung'ata kwa nguvu ya makumi ya kilo. Mfupa unaobeba mzigo wa namna hiyo kila siku lazima ujijenge, kama mguu wa mtu anayetembea sana unavyojijenga.

Hili limepimwa. Unawajua pimbi, wale wanyama wadogo wanaoota jua juu ya miamba. Mwaka 2004 Daniel Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya pimbi waliokua kwa chakula kilichopikwa kikalainika, na wengine waliokua kwa chakula hicho hicho kikiwa kibichi au kikavu. Waliokula laini, sehemu za uso zinazopokea mkazo wa kutafuna zilikua pungufu kwa karibu asilimia 10. Kabla yao mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Corruccini, alilinganisha wazee na vijana wa vijijini Kentucky, na tena vijana wa mashambani na wa mjini kule Punjab, India. Alikokuta watu wamehama kutoka chakula kigumu cha kienyeji kwenda chakula laini, alikuta pia meno yaliyopandana na safu nyembamba zimeongezeka, ndani ya kizazi kimoja au viwili tu. Kizazi kimoja hakitoshi kubadilisha damu ya ukoo. Kwa hiyo haboba anaposema meno ya zamani yalipangika kwa sababu ya muwa na nyama ya kuanika, hasemi upuuzi.

Na ukiwapima watu wazima, wenye masseta nene kwa kawaida wana uso mpana na safu ya meno pana. Wenye masseta nyembamba mara nyingi uso wao ni mrefu na taya la juu limebana. Hapo ndipo watu wa kwenye simu wanaporukia: basi tunenepeshe msuli, safu itapanuka! Lakini subiri. Miaka ya 1980 William Proffit, mtaalamu wa kupanga meno wa Marekani, na wenzake walipima nguvu ya kung'ata. Watu wazima wenye uso mrefu waling'ata kwa karibu nusu ya nguvu ya wenye uso wa kawaida. Walipowapima watoto, wenye uso mrefu na wenye uso wa kawaida waling'ata sawa. Maana yake, uso mrefu hutangulia na udhaifu wa msuli huja nyuma yake, mtoto anapobalehe. Kukuta vitu viwili vinatembea pamoja hakukuambii kipi kinamvuta mwenzake.

Mwaka 1987 kulikuwa na jaribio dogo la watoto 13 wenye uso mrefu, wakatafuna chingamu ngumu saa 2 kila siku kwa mwaka mzima. Nguvu ya kung'ata iliongezeka, na taya la baadhi yao likaelekea kukua kwa mwelekeo mzuri zaidi. Watoto 13 ni wachache mno kumjengea Rehema dawa juu yao, na hao walikuwa chini ya macho ya madaktari, wala hawakupewa mpira wa dukani na shemeji.

Sasa nikupe ule upande ambao haboba hakuushika. Kutafuna hujenga mfupa, lakini meno yenyewe kila moja linasimama wapi, hilo huamuliwa zaidi na vitu vinavyoyagusa mtoto akiwa ametulia.

Umewahi kumwona mfinyanzi akitengeneza chungu? Mkono mmoja uko ndani, mmoja nje, wala hapigi. Anagusa tu, hauondoi mkono, na udongo unafuata. Ndani ya safu ya meno mkono ni ulimi. Nje ni midomo na msuli wa shavu unaoitwa buksineta, ule tunaotumia kupuliza moto. Jino limeshikwa kwenye mfupa kwa kano nyembamba sana, karibu robo ya milimita, yenye umajimaji ndani yake. Ukiuma mfupa wa nyama, nguvu ni kubwa lakini ni ya nusu sekunde, ule umajimaji unaimeza na jino linabaki mahali pake. Ukiligusa jino kwa nguvu ndogo, mfano uzito wa mdomo tu, kwa saa 6 au zaidi kila siku, jino linahama. Rehema akila milo mitatu na kutafuna kwa bidii kabisa, muda ambao meno ya juu na ya chini yanagusana kwa nguvu ni dakika, hata saa haifiki. Ulimi uko kazini mchana na usiku.

Ukitaka kuona ni nani mwenye neno la mwisho, watazame watoto wenye ule ugonjwa wa Duchenne wa kunyauka misuli. Misuli yao ya kutafuna ni dhaifu kuliko ya mtoto yeyote aliyelelewa kwa uji. Kama nguvu ya kutafuna ndiyo peke yake inayopanua safu, wao wangekuwa na safu nyembamba kuliko wote. Kumbe safu zao huwa pana, hasa huku nyuma kwenye magego ya chini, kwa sababu ulimi wao hunenepa nao mashavu hulegea, basi ulimi unashinda.

Turudi kwa Rehema. Kidole gumba kikiwa mdomoni, kinalala juu ya kaakaa, ulimi unasukumwa chini, na mashavu yanafyonza ndani. Mkono wa ndani umetoka kwenye chungu, wa nje umebaki tena unabana zaidi. Taya la juu likabanwa pembeni, meno ya mbele yakasukumwa nje na kidole. Umbo la V ulilonielezea ni moja ya alama za kidole zinazojulikana sana. Ameacha kunyonya, na hilo ni jema sana, sitaki mtu amkumbushe kwa kumwaibisha. Lakini kuacha kidole akiwa na miaka 6 hakulirudishi taya lililokwisha kubana.

Na usiku, akilala mdomo wazi, ulimi unalala chini tena. Si kila mtoto anayepumua kwa mdomo hupata taya jembamba, ila mtoto wa miaka 9 anayekoroma kila usiku anahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, ajue kama nyama za nyuma ya pua au findo zimeziba njia. Hilo lifanye hata kama meno yangekuwa mazuri, kwa ajili ya usingizi wake na masomo yake.

Kuhusu kidevu kinachohama, jaribu hivi. Mkalishe mbele yako penye mwanga, aachame kabisa. Tazama mfupa wa kidevu, achana na meno. Kisha mwambie afunge polepole mpaka meno yagusane. Kama kidevu kilikuwa katikati alipoachama kisha kikatelezea kulia mwishoni, basi mfupa bado haujapinda. Ni taya la juu lililokuwa jembamba mno, magego hayakutani vizuri, naye amejifunza kulipeleka taya upande ambako angalau anaweza kuuma. Akiendelea hivyo kwa miaka, misuli nayo inafuata. Waliopima watoto wa namna hii kwa altrasaundi walikuta masseta ya upande ule wa kuuma vibaya ni nyembamba kuliko ya upande wa pili. Hapa, Mama Rehema, umbo la safu ndilo lililobadilisha msuli. Watoto hao walipotibiwa na meno yakakutana sawasawa, misuli ya pande mbili ilirudi kulingana. Mtoto anayeuma hivi ukimpa mpira mgumu, unaikazia misuli ile ile njia iliyopotoka. Ndiyo maana nimesema utoke leo.

Nimefika pale palipoandikwa mwishoni mwa barua yako, kana kwamba ni jambo dogo. Nimeyaona matokeo ya ebiino katika vinywa vingi, na kila mara ninaumia, kwa sababu mama aliyempeleka mtoto alikuwa anajaribu kumwokoa. Ulikuwa na mtoto wa miezi 5 anayeharisha, na kila mtu mzima uliyemheshimu alikuambia dawa ni hiyo. Sikulaumu. Lakini lazima ujue kilichotolewa. Mtoto wa umri huo, mahali pa chonge ufizi hutuna na kuwa mweupe kidogo, kwa sababu jino la utoto liko chini yake linajitengeneza. Likichokolewa wakati huo bado ni laini, dogo, jeupe, linafanana na funza, na mganga hukuonyesha ukaamini. Halikuwa ugonjwa. Lilikuwa chonge la Rehema. Na chini ya lile la utoto, mbegu ya jino la ukubwa iko karibu sana. Kisu au spoku ya baiskeli ikizama zaidi, nayo huharibika.

Jino la chonge ndilo linalosimama kwenye kona ya upinde. Toa nguzo ya kona, ukuta utaegemea huko. Meno ya chini ya Rehema yameegemea kulia kwa sababu kulia hakukuwa na wa kuyazuia, na mdomo wa chini ukayasukuma taratibu kwenye pengo. Muwa wa Uganda nzima usingelizuia hilo.

Kwa hiyo swali lako la tatu nalijibu bila kusita: hapana, uji haukumharibu mwanao. Chakula laini huenda kimechangia kidogo ukubwa wa mataya yake, kama kinavyochangia kwa watoto wengi wa mjini siku hizi. Lakini ile V ni kidole na pumzi, na ule upande ulioegemea kulia ni ebiino. Mwambie haboba, kwa adabu yake yote, kwamba daktari amesema chakula chake ni kizuri, na jambo moja tu ndilo daktari anamwomba kwa mikono miwili: mtoto wa miezi 4 asiguswe ufizi. Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituo cha afya siku ile ile apewe ORS, ile dawa ya maji ya chumvi na sukari, na zinki. Akiwa na homa, apimwe malaria. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na maambukizi baada ya kutolewa ebiino, na ule uharishaji uliowapeleka kwa mganga ulibaki bila kutibiwa. Haboba anampenda mjukuu wake, naamini akielezwa na mtu mwenye subira atasikia. Kama hutaweza peke yako, mchukue uende naye kituoni, nesi amweleze mbele yako.

Sasa meno manne. Rehema yuko katika umri ambao kinywa kina vurugu hata kwa mtoto asiye na shida. Meno ya ukubwa ni makubwa, mataya bado yanakua. Mpaka miaka 11 au 12, chonge za juu zinaposhuka, meno ya mbele huachana na kutawanyika kisha yanajipanga. Tena magego ya utoto ni mapana kuliko meno yatakayochukua nafasi yake, kwa hiyo yakianguka kwa wakati wake huacha milimita kadhaa za ziada. Ndiyo sababu magego hayo yatunzwe, yasioze yakang'olewa mapema. Wakati mwingine kung'oa meno ya ukubwa ni tiba sahihi, sikatai. Lakini kumng'oa mtoto ambaye tayari pengine amepungukiwa jino moja, bila kupiga picha kuona lipi lipo ndani ya mfupa na lipi halipo, hapana. Ukitoa jingine upande wa kulia huku chonge halipo, pengo hilo atalibeba maisha yake yote.

Kinachohitajika kwanza ni eksirei ya kinywa kizima, ile inayoonyesha mataya yote mawili katika picha moja. Nenda kwa afisa wa meno wa hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, mweleze kama ulivyonieleza mimi, omba barua ya kwenda Mulago, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kampala. Kutoka Bombo ni kilomita 30 na kitu, teksi za barabara ya Gulu hazikosekani. Huko uliza daktari wa kupanga meno.

Jambo ambalo nadhani atalifikiria ni kifaa cha kupanua taya la juu. Kaakaa la mtoto ni mifupa miwili iliyokutana katikati kwenye mshono. Kabla ya kubalehe mshono huo bado ni laini kiasi kwamba kifaa chenye skrubu ndogo kinaweza kuitenganisha mifupa hiyo pole pole, mfupa mpya ukajaa katikati. Mzazi huizungusha skrubu nyumbani kwa ufunguo, kwa kipimo anachoelekezwa. Baada ya kubalehe mshono hushikamana kama vidole vilivyofumbatana, na kazi inakuwa ngumu na ghali, wakati mwingine mpaka upasuaji. Miaka 9 ni umri mzuri. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba taya la Rehema linaweza kupanuka, ila kwa kifaa, na muda wake ni sasa. Usisubiri mpaka amalize shule ya msingi.

Na chakula? Mpe cha kutafuna, kweli kabisa. Akipona yale maumivu, anza na karoti, nazi, mahindi ya kuchoma, karanga, muchomo, yaani nyama ya kuchoma, uliokatwa vipande vidogo. Mzoeshe polepole, atafune pande zote mbili, asisukumie kila tonge kwa maji. Muwa usiuache, lakini ni sukari, kwa hiyo uwe wa mara moja moja, kisha asukutue mdomo. Yule mdogo akifika miezi 6 ataanza vyakula laini, na kadiri magego yanavyoota uache kumponda kila kitu. Karanga nzima asipewe bado, zinakaba watoto wadogo. Ulimi wa Rehema nao, wakati wa mchana mdomo ukiwa umefungwa, ukae juu nyuma ya meno ya mbele. Mkumbushe kwa upole, bila kumfanya akandamize kwa nguvu kama wale wa kwenye video. Pua ikiwa imeziba hata ukimkumbusha hataweza, ndiyo maana nimekutuma kwa daktari wa pua.

Ukienda Mulago, waeleze wazi habari ya ebiino, usione haya, maana ndiyo itakayowaambia waangalie wapi. Picha ikitoka, waulize chonge la ukubwa la chini kulia liko ndani ya mfupa au halipo, kisha uniandikie. Habari ya meno manne tutaizungumza hapo.